Mbao za Bibi Rao

Ofisa Zou aliipiga picha michoro yote ishirini na sita, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi, chupa ya chai ameibana kwapani, na kila alipomaliza mchoro mmoja alitazama simu yake kuhakikisha picha imetoka vizuri, kisha akasogea kwenye mwingine. Sekela alimfuata nyuma huku akitabasamu. Kwa wiki tatu alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya likizo ya kijiji cha Luoshikeng, ndani ya darasa lenye feni moja inayolia kuliko inavyopuliza, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu wa tarafa kuonyesha kujali kazi yake.

"Hii ni kazi yako, mwalimu?" Ofisa Zou aliuliza.

"Ya watoto. Mimi niliwaambia tu, kila mtu achore nyumba yao, aweke kila kitu mahali kilipo, na aandike jina lake kwa lugha zote mbili. Nikawaambia ni marufuku kubuni. Kilichopo tu."

"Kilichopo tu," Ofisa Zou alirudia. "Safi sana. Watu wazima nao wangekuwa hivyo, sisi wengine tungelala mapema."

Alisimama mbele ya mchoro uliobandikwa nyota ya dhahabu. Mwenye mchoro, Manyun, msichana wa miaka tisa mwenye magoti yaliyojaa makovu ya mbu, alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alikuwa amechora nyumba ya bibi yake tangu dari hadi kisimani: sufuria, ndoo, mitungi ya mboga za chumvi, kitanda cha mwalimu na chandarua chake, kuku wanne na majina yao.

"Hiki kirefu chekundu, kilichofunikwa na majani ya mpunga, ni nini?"

"Mbao za bibi."

"Ziko hapa hasa?"

"Kwenye banda la nguruwe. Ila nguruwe hatuna tena."

"Hodari," Ofisa Zou alisema, akampapasa kichwani. Akapiga picha mbili za mchoro huo.

Mwalimu Mkuu Lai alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tikiti maji alilowakatia Ofisa Zou na wenzake. Sinia lilikuwa limeinama, maji mekundu yanatiririka juu ya viatu vyake, naye hana habari. Wageni walikula kipande kimoja kimoja, wakashukuru, wakaondoka na gari lao. Vumbi halijatulia, Mwalimu Lai akaanza kuibandua ile michoro ukutani kwa kucha, anaichana pembe, anaitupa mezani.

"Mwalimu Lai, maonyesho si mpaka Ijumaa?"

"Sekela, unajua umefanya nini?"

Hakujua. Alichojua ni kwamba siku ya kwanza alipofikishwa kwa Bibi Rao, alionyeshwa chumba cha juu: kitanda, chandarua, na pembeni, urefu wa ukuta mzima, jeneza jekundu linalong'aa, vipande vya viazi vitamu vimeanikwa juu ya kifuniko. Kwao Tukuyu, kumchongea mtu jeneza angali anapumua ni uchuro, na nyumba ya namna hiyo ungeikuta imehamwa. Lakini alikuwa na mwaka wa tano katika nchi hii, anasomea ufamasia katika mji mkuu wa jimbo, na alikwisha elewa kuwa huku mzee wa kuhurumiwa ni yule ambaye mbao zake hazijawa tayari. Usiku wa kwanza alilala taa inawaka. Usiku wa nne alikuwa anaanika taulo lake juu ya jeneza.

Kisha wiki iliyopita alirudi kutoka darasani akakuta ukuta mtupu. "Nimelitoa upate nafasi," Bibi Rao alimwambia, naye akamshukuru kwa mikono miwili.

"Hukusikia kipaza sauti?" Mwalimu Lai aliuliza. "Kila asubuhi kinapiga kelele."

"Nasikia watoto wasiogelee mtoni. Mengine yanasemwa kwa lugha yenu ya hapa, mbiombio, kinakoroma, nashika neno moja moja."

"Mengine ndiyo yenyewe. Kuanzia tarehe mosi Agosti hakuna kuzika tena. Maiti zote zinachomwa, majivu yanawekwa kwenye ukuta wa tarafa, kila mtu na kijidirisha chake. Na majeneza yaliyomo majumbani yote yakabidhiwe kabla ya hapo. Wanakupa yuan elfu mbili, wanalivunja. Kijiji kizima wiki hii hakikulala, kinaficha. Wewe umewachorea ramani."

Wakaipitia michoro pamoja. Katika mmoja jeneza lilikuwa darini. Katika mwingine lilikuwa kwenye shimo la viazi, katika mwingine nyuma ya kabati ambayo mtoto, kwa uaminifu, aliichora ikiwa imevutwa mbele. Michoro kumi na mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Mambo ya mbao haambiwi mgeni."

"Na watoto je? Hawa si wageni."

Mwalimu Lai alikaa juu ya dawati, mtu mzima wa miaka hamsini na nane aliyewafundisha wazazi wa watoto hawa na Ofisa Zou mwenyewe. "Mtoto haambiwi," alisema. "Hapa kwetu mtoto haambiwi kitu. Tunasema akikua atajua."

*

Wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone. Sekela alilikumbuka hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, akajionea haya hata kwa kuku.

Alimkuta Bibi Rao uani akigeuza pilipili alizoanika juu ya ungo. Alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sabini na nane, mgongo umekunjika, macho makali. Hakuinua kichwa.

"Umeshakula?"

"Bibi, nimekuja kukuambia jambo."

"Nimeshaambiwa. Habari hapa zina miguu kuliko wewe. Kwenye jungu kuna wali, na mboga chungu ya karela. Nimepunguza pilipili."

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

"Ungejua ungefanyaje? Ungewaambia watoto wachore kila kitu ila jeneza?" Bibi Rao aligeuza pilipili nyingine. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilisema nimelitoa kwa ajili yako. Nilidhani naficha siri, kumbe namfunga macho mtu anayebeba taa."

Sekela akachuchumaa kando yake, akaanza kugeuza pilipili naye ili mikono ipate kazi. Ukuta wa uani ulikuwa mfupi, na ng'ambo yake Mama Tu, muuza tofu, alikuwa akiosha vyombo vyake kwa kishindo.

"Rao!" Mama Tu aliita. "Mgeni wako amekula wali wako wiki tatu, sasa amekulipa! Na sisi ametulipa pia, ambao hata wali wetu hakuula!"

"Osha ndoo zako, Tu."

"Naosha! Nioshe nini kingine, jeneza la mama mkwe wangu wataliosha wao! Mzee Nie wa ng'ambo ya mto amekataa kula tangu Jumatatu, anataka awahi tarehe. Umesikia?"

"Mjinga huyo," Bibi Rao alijibu. "Kaburini hakuendwi kama mtu anayekimbilia basi. Mpelekee uji, mwambie nimesema mimi."

Mama Tu akarudia ndoo zake. Bibi Rao akapangusa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu Sekela aanze kuishi pale, akamsimulia habari za zile mbao bila kuulizwa. Mwaka alipoolewa, mumewe, fundi seremala Gan, alipanda misunobari minane nyuma ya nyumba. Miaka arobaini akaipigia hesabu: minne yangu, minne yako. Aliikata mwenyewe, akaianika miaka mitatu, akachonga majeneza mawili kwa mikono yake. Lake alikwisha lilalia, kule mlimani juu ya mashamba ya chai, mwaka wa tisa sasa.

"Yeye yuko kushoto," Bibi Rao alisema. "Kulia kaniachia. Wao wanasema kijidirisha ukutani. Nani atakuwa jirani yangu humo, unajua? Labda huyu Tu."

Alicheka, na Sekela akacheka pia, kisha wote wawili wakaacha.

Manyun aliingia mbio, mkoba unampiga mgongoni. "Bibi! Ofisa kasema mimi hodari! Mchoro wangu ameupiga picha mbili, wenzangu moja moja!"

Bibi Rao alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Wazazi wa mtoto huyu walikuwa kusini, kwenye kiwanda cha viatu, wanarudi siku kumi kwa mwaka. Kila alichojifunza kuhusu ukweli na uongo alijifunza hapa uani na kule darasani.

"Na ni kweli wewe hodari," alisema. "Kanawe mikono."

Ikaishia hapo. Sekela alifungua mdomo amweleze mtoto, Bibi Rao akamkata kwa jicho. Mtoto haambiwi.

*

Asubuhi yake, kati ya wanafunzi ishirini na sita walikuja saba. Sekela aliwafundisha majina ya matunda. Hakuna aliyecheka aliposema vibaya jina la pichi kwa lugha yao, ingawa kila siku hicho ndicho kilikuwa kichekesho chao kikubwa. Saa nne akaenda kununua tofu. Vipande vilikuwa vimejaa juu ya ubao wa Mama Tu, vinatoa mvuke.

"Zimekwisha," Mama Tu alisema.

"Hizi je?"

"Za watu."

Mzee mmoja aliyezoea kumuita "binti mrefu" na kumpa karanga alipita kando yake akitazama mtaro. Dukani alipewa chenji juu ya kaunta, si mkononi. Mambo madogo haya. Ukiyaeleza kwa mtu atakuuliza, sasa hapo umekosewa nini? Lakini kufikia saa sita mchana Sekela alikuwa anatembea kwa kuinamisha kichwa, yeye ambaye kwa urefu wake hakuwahi kujificha popote katika nchi hii.

Toka ng'ambo ya kilima kilisikika kijiko cha kuchimbia, kile chenye mkono wa chuma. Kinanguruma, kinanyamaza, kisha ubao wa jeneza unalia. Kinanguruma tena. Nyenze mitini walinyamaza kila ubao ulipolia, au ndivyo alivyosikia yeye.

Simu ikaita. Mwalimu Lai alisema upesi upesi, kama mtu anayeogopa sauti yake mwenyewe: "Wanakuja leo saa tisa. Wanaanza na kwa Bibi Rao, kwa sababu wewe unakaa pale na wana kisingizio cha kukagua kibali chako. Mimi sikukupigia."

Walilihamisha jeneza saa ya kulala mchana, wakati kijiji chote kimefunga milango kukimbia jua. Vijana wa Luoshikeng wako viwandani. Waliobaki kubeba ni wazee watatu, mmoja ana henia, mmoja haoni vizuri, wa tatu ni mzima ila ana miaka themanini na moja. Kona ya nne akaishika Sekela. Bibi Rao alitangulia akiondoa mawe njiani. Toka banda la nguruwe, nyuma ya bwawa la samaki, mpaka kwenye banda la zamani la kukaushia tumbaku ambalo mlango wake ulikuwa umemezwa na magugu. Hatua mia moja na ishirini. Mwenye henia alikuwa analia machozi kwa maumivu huku akisema, "Twende, twende, mimi sijambo." Lilikuwa jeneza zito kuliko Sekela alivyodhani kitu kitupu kinaweza kuwa.

"Manyun yuko wapi?" aliuliza walipofunga mlango na kurudishia magugu.

"Amelala," Bibi Rao alisema.

Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyekwenda kuufungua kuhakikisha.

*

Ofisa Zou alikuja na wafanyakazi wanne wenye kofia za plastiki, lori dogo, na karani wa wilaya aliyekuwa akirekodi kila kitu kwa simu yake, maana wilaya siku hizi haiamini ripoti isiyo na picha. Watu walitoka majumbani, wakasimama kando ya njia. Walisimama mbali kidogo na mlango, kama wanavyosimama watu kwenye nyumba yenye ugonjwa.

"Bibi Rao, umeshakula?" Zou aliamkia kwa adabu.

"Nimekula. Wewe si mtoto wa Qiu, mfuga mabata?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo." Zou alikohoa. "Nilianza na la kwake, Bibi. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya kijiji kizima, ili mtu asiseme napendelea. Mpaka leo hasemi nami."

"Kwa hiyo umekuja ili nami nisiseme nawe."

Baadhi ya watu walicheka puani. Zou hakukasirika. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi, na jasho lilikuwa limelibandika shati mgongoni. Aliomba pasipoti ya Sekela, akaitazama ukurasa kwa ukurasa, akabaki ameishika. Kisha wakaenda kwenye banda la nguruwe. Wafanyakazi walitupa majani ya mpunga nje kwa mikono. Chini yake palikuwa na sakafu tupu.

"Zilikuwa hapa, Bibi. Mjukuu wako amechora."

"Mtoto huyo. Angechora joka, ungekuja na mkuki?"

Safari hii walicheka kwa sauti, na hata mfanyakazi mmoja alicheka. Karani wa wilaya alisogeza simu karibu. Zou akamgeukia Sekela.

"Mwalimu, wewe unalala nyumba hii tangu mwezi uanze. Umeona jeneza?"

Pasipoti ilikuwa mkononi mwake. Nyuma ya bega lake Sekela alimwona Mama Tu, na mwenye henia amejishikilia ukutani, na yule mzee wa karanga; wote wanamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sijaona," alisema.

"Na ule mchoro?"

"Mtoto alibuni."

"Ulisema uliwakataza kubuni. Ulimpa nyota."

"Nilimpa kwa sababu ya rangi. Habari zenyewe alizibuni. Watoto ndivyo walivyo."

Ofisa Zou alimkazia macho, na Sekela aliona wazi kabisa kwamba mtu huyu anajua, na kwamba amechoka, na kwamba uongo huu alikuwa akiutafuta ili aupokee. Zou alifungua daftari lake. "Basi naandika," alisema kwa sauti, akimwelekea karani. "Nyumba ya Rao imekaguliwa. Hakuna kitu. Michoro ni mambo ya watoto, mwalimu wao amethibitisha. Na ile mingine kumi ni vilevile." Akarudisha pasipoti. Kwenye kundi la watu mtu alishusha pumzi kwa nguvu. Mama Tu, bila kujijua, alimshika Sekela mkono.

Ilikuwa imekwisha. Wafanyakazi walikuwa wanajipangusa majani, dereva amewasha lori. Na Zou, kwa kuwa alitaka kumaliza kwa uzuri, kwa kuwa karani alikuwa bado anarekodi, aliinama kwa Manyun aliyekuwa amesimama ngazini na alama ya mkeka shavuni, akamwambia kwa upole:

"Siku nyingine usidanganye watu wazima, mtoto. Umetutoa mbali juani."

Manyun alimtazama yeye, kisha akamtazama Sekela.

"Mwalimu, mimi nilidanganya?"

Hili Sekela hakulisahau tena maishani mwake: kwamba alipewa nafasi mbili. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kumshika mtoto mkono, akamwingiza ndani. Badala yake, mbele ya watu wote, kwa sauti ya darasani, alisema, "Ulidanganya kidogo, Manyun. Ulibuni. Si kitu."

Uso wa mtoto ukawa mwekundu mpaka masikioni. Kuna watoto wanaopigwa wasilie, na wakiitwa waongo hawawezi kuvumilia. Na huyu alikuwa na nyota moja tu duniani, yuko mbali na mama yake, na nyota ile ilikuwa ya kusema kweli.

"Sikubuni! Wewe ndiye uliyesema kilichopo tu! Mimi nilichora kilichopo!"

"Manyun," Bibi Rao aliita.

"Wamelihamisha! Wamelihamisha leo mchana, na mwalimu alishika nyuma, niliwaona dirishani!" Alikuwa analia kwa hasira, kamasi zinamtoka. "Njooni niwaonyeshe kama mimi mwongo!"

Akapita katikati ya watu, akikimbia kuelekea bwawani. Hakuna aliyemfuata. Ofisa Zou alifumba macho, akabaki hivyo kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite. Alipoyafumbua, karani wa wilaya alikuwa tayari anatembea nyuma ya mtoto, simu juu.

*

Mlango wa banda la tumbaku ulikuwa mwembamba. Wafanyakazi wanne waliingia, wakalizunguka jeneza, wakahesabu moja mbili tatu, wakalinyanyua kombokombo. Mmoja aliteleza kwenye udongo. Pembe ya jeneza ikagonga mwimo wa mlango, ikarudi, ikagonga tena.

"Tusaidieni jamani," Zou aliwaambia watu. "Wawili tu."

Hakuna aliyesogea. Pale kwao jeneza hubebwa na watu wanane walioombwa kwa magoti na wafiwa, na kulibeba jeneza la mtu anayekutazama ni kumzika macho makavu. Manyun alikuwa amesimama kando ya magugu. Hasira ilikuwa imemwisha, na sasa alikuwa anatazama nyuso za watu mmoja mmoja, anajaribu kujua amefanya nini. Hakuna aliyekuwa amemwambia hata sasa.

"Polepole!" Bibi Rao alisema. "Mtalikwaruza."

Mfanyakazi mmoja, mtu wa mbali asiyejua habari za pale, alijibu akihema, "Bibi, si linakwenda kuvunjwa?"

"Huko kwenu mnavunja. Hapa kwangu halikwaruzwi."

Aliingia. Akapita chini ya mikono yao, mgongo wake uliokunjika ukatosha sawasawa, akaweka bega chini ya pembe iliyokuwa inagonga. "Inueni upande huu. Sasa kushoto. Si hivyo, mwenye jeneza ni nani?" Jeneza likanyooka. Sekela akaja akaweka bega upande wa pili. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Alingoja Bibi Rao amfukuze. Bibi Rao alimtazama, akasema tu, "Wewe mrefu mno. Piga magoti kidogo."

Wakatoka mlangoni bila kugusa mwimo. Kuku walikuwa njiani, na Bibi Rao, shavu lake limebanwa kwenye rangi nyekundu, aliita, "Manyun! Tangulia, tufungulie njia."

Mtoto alitangulia. Alikwenda hatua tano mbele, mikono imenyooka, anawafukuza kuku kwa sauti ndogo. Ndipo watu waliosimama kando ya njia walipoona wanachokiona, maana kwa desturi yao mjukuu ndiye atanguliaye mbele ya jeneza la bibi yake. Yule mzee wa karanga alivua kofia. Mwenye henia naye. Mama Tu aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamtikisika. Ofisa Zou alikuwa nyuma kabisa, akitembea kichwa wazi kwenye jua, na wala hakujua tena ashike nini kwa mikono yake.

Kufika kwenye lori, wafanyakazi walilisukuma jeneza ndani. Bibi Rao alishika bodi ya lori mpaka pumzi zikarudi. Akajinyoosha kadiri mgongo ulivyoruhusu, akapangusa vumbi begani.

"Haya, mtoto wa Qiu," alisema. "Nimeshajizika. Lete karatasi yako nitie dole."

Zou akapapasa mfuko wa shati kutafuta kidau cha wino, akakikosa, akapapasa tena.